Gari likizima Jozani, swali lifike mpaka kiwandani

Msafiri wa njia ya Mjini kwenda Paje huijua alama kabla ya kuliona gari lenyewe. Majani mabichi yamelazwa barabarani, fungu moja hapa na jingine hatua ishirini mbele, kisha imesimama Noah au Hiace, boneti likiwa wazi. Abiria wameteremka wamekaa kivulini, na wenye haraka wameshasimamisha daladala nyingine. Dereva anapiga stati mara ya kumi. Injini inazunguka lakini haiwaki, na kila mpita njia ana ushauri wake.

Kinachofuata kinajulikana pia. Gari linavutwa kwa kamba mpaka gereji ya Mwanakwerekwe. Fundi anasema mafuta yalikuwa machafu, au dereva alipuuza taa iliyowaka kwenye dashibodi, au kwa ufupi gari limechoka. Mwenye gari anatoa fedha, spea inanunuliwa, iwe mpya au iliyotolewa katika gari jingine, na ile iliyokufa inatupwa kwenye lundo nyuma ya gereji. Shauri limekwisha.

Katika shauri hilo analaumiwa dereva, analaumiwa fundi aliyelishika gari mwezi uliopita, analaumiwa muuza mafuta, na siku nyingine analaumiwa wakala aliyeliagiza. Aliyeliunda gari hatajwi kabisa. Yeye yuko Japani, gari liliondoka kwake miaka kumi au kumi na tano iliyopita, na kati yake na mnunuzi wa Unguja wamepita watu watano au sita. Nani atamuuliza?

Swali hilo lina jibu, na jibu lake lina faida kwa watu wengi kuliko inavyodhaniwa. Yapo magari yanayozima kwa sababu yamechoka. Lakini yapo pia yanayozima kwa kasoro iliyotoka nayo kiwandani, ambayo kiwanda kimekwisha kuikiri hadharani, kimekwisha kuitafutia dawa, na kinaitengeneza bure kwa mteja aliyeko Japani. Mwenye gari wa Unguja anailipia kasoro hiyo hiyo kutoka mfukoni mwake, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Gharama yenyewe si ya spea tu. Daladala ikilala gereji siku tatu, dereva hana hesabu ya kumpelekea tajiri wake na utingo hana chakula cha jioni. Mkulima aliyepakia ndizi na muhogo alfajiri ili auwahi mnada Mwanakwerekwe hufika saa ambayo bei imekwisha kuanguka. Samaki wa Nungwi hawasubiri pampu itoke Dar es Salaam kwa boti ya kesho. Mtembeza wageni ambaye gari lake limezima Kitogani wakati mgeni wake anatakiwa uwanja wa ndege hupoteza nauli ya siku ile, na mara nyingi hupoteza na hoteli iliyokuwa ikimwita. Katika kisiwa ambacho utalii, uvuvi na kilimo vyote hupita juu ya magurudumu yaliyotumika kwanza Japani, gari kuzima njiani ni suala la uchumi kama lilivyo suala la ufundi.

Haki itendeke kwa kiwanda kwanza. Sehemu kubwa ya magari yanayokwama Unguja hayakukwama kwa kosa lake. Hewa ya chumvi hula bodi na nyaya. Gari lililoundwa libebe watu wanane hubeba kumi na wanne na magunia juu. Oili hubadilishwa inapopatikana fedha, na maji ya bomba hutiwa kwenye rejeta pasipo dawa. Spea bandia nazo zimejaa, na zinauzwa ndani ya maboksi yanayofanana na ya kweli. Mtu aliyelitumia gari namna hiyo kisha akaenda kumdai muundaji atachekwa, na atastahili kuchekwa. Kwa sababu hiyo kutofautisha uchakavu na kasoro ya kiwandani ndiko kunakobeba uzito wa jambo zima.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha tofauti hiyo. Ndani ya tangi la petroli la magari mengi ya kisasa imo pampu ndogo inayosukuma mafuta kwenda kwenye injini. Katika pampu hiyo mna gurudumu dogo la plastiki. Kampuni ya Denso ya Japani iliunda pampu ambazo plastiki ya gurudumu lake haikuwa na ushikamano wa kutosha. Ikikaa ndani ya petroli kwa muda, hufyonza mafuta, huvimba, huanza kukwaruza ukuta wa pampu na mwisho hukwama. Gari hutetemeka, hupoteza nguvu na kuzima, pengine katikati ya mwendo, na haliwaki tena. Toyota ilianza kuyaita magari yenye pampu hizo Januari 2020, na kabla ya mwaka huo kwisha hesabu ilikaribia magari milioni 6 duniani. Mengi yaliundwa kati ya mwaka 2013 na 2019. Kampuni nyingine zilizonunua pampu kwa Denso zikafuata. Julai 2023, katika mkoa wa Tottori nchini Japani, gari dogo la Honda lilizima kwenye barabara ya magari yaendayo kasi, likagongwa kwa nyuma na mtu mmoja akafa. Desemba mwaka huo Honda iliita zaidi ya magari milioni 1.1 nchini humo.

Dereva wa Unguja ambaye gari lake la umri huo linatetemeka na kuzima, likipoa likawaka, kisha likazima tena Tunguu, ataambiwa ni mafuta machafu. Pengine ni kweli. Lakini pengine ni plastiki iliyovimba, na hapo kusafisha tangi mara tatu hakutamsaidia kitu. Namba ya chesisi ya gari lake ingeweza kulimaliza shaka hilo kwa dakika chache.

Lawama ya kwamba mwenye gari ndiye mbaya ina historia yake, na historia hiyo haiwapi sifa waundaji. Januari 2002, mjini Yokohama, gurudumu la lori la Mitsubishi lilichomoka likiwa barabarani, likamgonga na kumuua mama aliyekuwa akitembea na watoto wake wawili. Habu iliyoshika gurudumu ilikuwa imepasuka. Kampuni ilisema chanzo ni matengenezo mabaya ya mwenye lori. Msimamo huo ulidumu zaidi ya miaka miwili. Machi 2004 Mitsubishi Fuso ilikiri kwamba habu zenyewe zilikuwa na kasoro ya usanifu, malori zaidi ya laki moja yakaitwa, na baadaye wakubwa wa kampuni walifikishwa mahakamani. Miaka minne tu kabla ya hapo, mwaka 2000, kampuni mama ilikuwa imebainika kuficha malalamiko ya wateja kwa zaidi ya miongo miwili. Fuso na Canter ni majina yasiyohitaji kuelezwa kwa mtu yeyote aliyewahi kupakia mizigo Afrika Mashariki. Wangapi kati ya madereva wa huku walioambiwa hawakukaza nati waliambiwa kweli, hilo halitajulikana tena.

Marekani nako hakukuwa na malaika. General Motors iliuza magari madogo ambayo swichi yake ya kuwashia ililegea kiasi kwamba tikiso la barabarani au uzito wa funguo uliweza kuizima injini katika mwendo. Ikizima, usukani huwa mzito na mifuko ya hewa haifunguki. Wahandisi wa kampuni waliijua hitilafu hiyo kwa takriban miaka kumi kabla ya magari kuitwa mwaka 2014. Mfuko wa fidia uliofunguliwa na kampuni ulikubali madai ya vifo 124. Spea iliyohitajika haikufika bei ya soda mbili.

Kuhusu mifuko hiyo ya hewa, ambayo mafundi huiita eabegi, Unguja ina sababu ya pekee ya kuogopa. Kampuni ya Takata, iliyoiuzia karibu kila chapa ya Japani, ilitumia ndani yake kemikali ya ammonium nitrate kuwa baruti ya kuufungua mfuko. Kemikali hiyo huharibika kwa joto na unyevunyevu kadiri miaka inavyokwenda. Ikisha kuharibika hulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kulipasua kopo lake la chuma, na vipande vikamrukia dereva shingoni na usoni. Magari takriban milioni 100 yaliitwa duniani na Takata yenyewe ilifilisika Juni 2017. Marekani ilipopanga nani atangulie kutengenezewa, ilianza na Florida, Hawaii na Puerto Rico, mahali pa joto na unyevu. Kifo cha kwanza kilichothibitishwa nje ya Marekani kilitokea mwaka 2014 huko Sarawak, Malaysia, karibu na mstari wa ikweta kama ilivyo Zanzibar. Aliyekufa alikuwa mwanamke mjamzito, na ajali yenyewe ilikuwa ya mwendo mdogo.

Gari lenye mfuko wa namna hiyo, likikaa juani Darajani mwaka baada ya mwaka na kupitia masika baada ya masika, linaishi katika hali ile ile ambayo wataalamu wameitaja kuwa mbaya kuliko zote. Hapa jambo linavuka kukwama njiani. Pampu humwacha mtu Jozani na hasira zake, lakini mfuko wa Takata unaweza kumuua katika mgongano ambao angetoka na jeraha dogo tu.

Je, sheria inasemaje? Wazo kwamba muundaji anawajibika kwa mtu asiyenunua moja kwa moja kwake lilizaliwa, kwa sehemu kubwa, kutokana na gari. Huko New York mtu mmoja, Donald MacPherson, alinunua Buick kwa mfanyabiashara. Gurudumu la mbao likavunjika, gari likaanguka naye akaumia. Buick ilijitetea kwamba haikumuuzia yeye bali ilimuuzia mfanyabiashara, na kwamba hata gurudumu lilitengenezwa na kampuni nyingine. Mwaka 1916 mahakama ya rufaa ya jimbo hilo, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Benjamin Cardozo, ilikataa hoja zote mbili. Aliyeweka jina lake kwenye gari alipaswa kulikagua. Uingereza ilifika hapo mwaka 1932 kwa kesi ya chupa ya kinywaji iliyodaiwa kuwa na konokono, na kutoka Uingereza kanuni hiyo ilisambaa katika nchi zilizorithi mfumo wake wa sheria, Zanzibar ikiwamo.

Kwa hiyo msingi upo. Ugumu uko katika utekelezaji, na mwenye gari asidanganywe. Japani ina sheria ya dhima ya bidhaa iliyoanza kutumika Julai 1, 1995. Inamwezesha mtu aliyedhurika kudai pasipo kuthibitisha uzembe, ilimradi aonyeshe kasoro. Lakini dai hukoma miaka kumi tangu bidhaa ilipotoka kwa muundaji, na sheria hiyo haihusu hasara iliyoishia kwenye bidhaa yenyewe. Yaani IST ya mwaka 2005 iliyotua Malindi mwaka 2018 ilikuwa imekwisha kupitwa na muda kabla haijapanda meli, na pampu iliyokufa bila kumdhuru mtu si dai kabisa chini ya sheria hiyo. Mtu atakayekuja na maneno ya kwenda kumshtaki muundaji Tokyo kwa ajili ya siku tatu za hesabu zilizopotea anauza ndoto.

Muuzaji naye ana kinga zake. Magari mengi huuzwa Japani kwenye minada, na hununuliwa yakiwa kama yalivyo. Karatasi ya mnada huonyesha alama, tuseme 4 au 3.5, na michoro ya mikwaruzo. Mnunuzi wa Unguja huishika karatasi hiyo kama cheti cha afya, wakati alama zake zinahusu zaidi bodi, rangi, kilomita na hali ya ndani. Wakala wa Mjini aliyeliagiza hujiona tarishi tu, amelipa, amepokea, amekabidhi.

Hapa ndipo Zanzibar ina chombo ambacho haikuwa nacho zamani. Sheria ya Ushindani Halali wa Biashara na Kumlinda Mtumiaji, namba 5 ya mwaka 2018, iliunda Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, na kazi zake ni pamoja na kupokea malalamiko ya watumiaji. Ipo pia Taasisi ya Viwango Zanzibar iliyotokana na sheria ya mwaka 2011. Biashara ya ndani na ulinzi wa mtumiaji si mambo ya Muungano, na Bara ina Tume yake ya Ushindani chini ya sheria ya mwaka 2003. Maana yake ni kwamba uamuzi wa Zanzibar katika jambo hili hauhitaji kusubiri Dodoma.

Lakini njia yenye matumaini makubwa haipiti mahakamani. Inapita kwenye ule utaratibu wa kuyaita magari. Japani ilianza utaratibu huo mwaka 1969. Kampuni ikigundua kasoro inayogusa usalama huiarifu wizara ya usafiri, hutangaza namba za chesisi zinazohusika na hubadilisha spea bure. Uzuri wake ni kwamba wito hufuata chesisi. Haujali gari limeuzwa mara ngapi. Ubaya wake ni kwamba barua hutumwa kwa mtu aliyeandikishwa kuwa mmiliki. Gari likifutwa kwenye daftari la Japani ili lisafirishwe, hakuna tena anwani ya kutuma barua. Likiitwa mwaka mmoja baadaye, likiwa na namba ya Z na linapiga safari za Bububu, wito huo haumfikii mtu.

Kuna tundu jingine baya zaidi. Gari linaweza kuwa liliitwa likiwa bado Japani, mwenyewe asilipeleke, kisha akaliuza. Tangu Mei 2018 Japani haipitishi katika ukaguzi wake wa lazima magari yenye mifuko ya Takata ya hatari ambayo haijabadilishwa. Gari lisiloweza kupita ukaguzi kwao linaweza kufanywa nini? Kulitengeneza ni bure, na wengi bila shaka hulitengeneza. Lakini kwa mwenye nalo aliyechoka nalo, mlango wa bandari uko wazi, na nchi ya upande wa pili isipouliza haitaambiwa.

New Zealand iliuliza. Nchi hiyo ya visiwa hupita kushoto kama Zanzibar, na kwa miaka mingi imenunua magari yaliyotumika Japani kwa wingi. Aprili 2018 serikali yake iliamuru kwa nguvu ya sheria kwamba mifuko ya Takata ya aina ya hatari zaidi ibadilishwe ifikapo mwisho wa mwaka 2019. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi hiyo kulazimisha wito wa bidhaa. Magari yapatayo 50,000 yalihusika, yakiwamo yaliyoingia yakiwa yametumika. Gari jipya kwenye foleni lenye mfuko wa aina hiyo likazuiwa kuingia mpaka libadilishwe. New Zealand haina kiwanda cha magari cha kujivunia. Nguvu yake ilikuwa moja tu, kwamba ndiyo iliyoshika mlango.

Zanzibar nayo imeushika mlango wake, na mlango wenyewe ni mwembamba. Gari haliingii Unguja kwa kupita porini. Linashuka bandarini, linahesabiwa, namba ya chesisi inaandikwa kwa ajili ya ushuru na usajili. Serikali inayo orodha kamili ya chesisi zilizoingia, jambo ambalo nchi kubwa zenye mipaka ya nchi kavu hulitamani. Inalotumia orodha hiyo ni kukusanya kodi. Kuilinganisha na orodha ya magari yaliyoitwa ni kazi ya karani mmoja na kompyuta, kwa kuwa waundaji wakubwa wa Japani wana kurasa za kutafuta kwa namba ya chesisi. Kurasa hizo ni za Kijapani, ni kweli, lakini kampuni zinazouza magari Afrika zina watu wanaosoma Kijapani, na ndio wanaochukua fedha.

Kwamba muuzaji wa Japani atakataa masharti mapya si hoja nzito. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima mwaka 2011, nchi kadhaa zilitaka magari yapimwe mionzi kabla ya kupakiwa. Wauzaji walinung'unika, kisha wakapima, maana mteja ni mteja. Ukaguzi wa kabla ya safari ambao nchi za Afrika Mashariki zimekuwa zikiutaka huangalia breki, taa, tairi na chesisi iliyooza. Kuongeza swali moja, je, gari hili limeitwa, na kama limeitwa limetengenezwa, hakuhitaji mashine mpya. Kunahitaji karatasi moja, na kazi ikifanywa Japani haimgharimu mtu kitu kwa kuwa muundaji ndiye anayeibeba.

Wapo watakaosema bei itapanda na mnyonge ataumia. Ada ya karatasi hiyo itakuwapo, na mwishoni mnunuzi ataibeba. Lakini mnyonge huyo huyo ndiye anayenunua pampu leo, tena ya pili baada ya ile bandia kufa, na ndiye anayekaa chini ya mwembe Kitogani na mzigo wake ukioza. Utaratibu wa sasa pia una bei. Tofauti ni kwamba haina risiti.

Magari ambayo yamekwisha kuingia ndiyo kazi ngumu. Mwakilishi wa chapa huwa Dar es Salaam, na kwake gari lililoagizwa kwa njia ya mnada ni mtoto wa kambo. Dhamana yake ya kibiashara huhusu magari aliyoyauza yeye mwenyewe. Inafaa kukumbuka, kama mzaha mdogo wa historia, kwamba uwakilishi wa Toyota nchini Tanzania umo mikononi mwa kundi la Karimjee, ambalo asili yake ni duka la biashara lililoanzishwa Unguja katika karne ya 19. Wawakilishi si maadui wa jambo hili. Dhamana ni mkataba wa muuzaji na mnunuzi wake, wakati wito ni deni la muundaji kwa chesisi. Mtu mmoja akienda peke yake na Noah yake kuyatenganisha mambo hayo mawili mbele ya mhudumu wa mapokezi, atarudi na boti ya saa kumi bila kitu. Tume ikienda na orodha ya chesisi mia tano zilizoko Unguja, zenye pampu au mfuko ambao muundaji mwenyewe amekwisha kuukiri, mazungumzo yatakuwa na watu wengine na katika chumba kingine.

Orodha ya namna hiyo haitajengwa ofisini pekee. Ushahidi uko gereji, na kila siku unatupwa. Fundi aliyefungua pampu ishirini za aina moja na kukuta gurudumu limevimba anajua jambo ambalo Taasisi ya Viwango hailijui. Jumuiya za wenye daladala na za watembeza wageni zinaweza kumpa daftari aandike vitu vinne tu: namba ya chesisi, kilomita, mahali gari lilipozima, na spea iliyokufa. Spea yenyewe ifungwe kwenye mfuko na kuhifadhiwa. Leo hata mwenye gari aliyeamua kulalamika hufika Tume mikono mitupu, kwa sababu kitu pekee kilichoweza kumtetea kimeuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kwa anayetaka kuagiza gari mwezi huu, hakuna haja ya kusubiri kanuni. Kabla ya kutuma fedha, amtake muuzaji wa Japani aiweke namba ya chesisi kwenye ukurasa wa muundaji na kumletea jibu kwa maandishi. Kama lipo lililoitwa na halijatengenezwa, litengenezwe kabla ya kupakiwa. Muuzaji atakayesema haiwezekani amekwisha kujibu, na magari mengine yapo. Kwa mwenye gari tayari, namba iko kwenye kibati chini ya boneti, na katika kadi ya usajili. Aiandike, aulize mwakilishi wa chapa kwa barua na si kwa simu, na nakala aipeleke Tume ya Ushindani Halali. Barua ikijibiwa kwamba gari hilo halihusiki, amepata utulivu wake. Ikijibiwa kwamba linahusika lakini halitahudumiwa kwa sababu liliingia likiwa limetumika, jibu hilo lenye sahihi na muhuri ndilo Tume itakaloweza kulifanyia kazi.